Mapambo ya Mabua

Kulikuwa na harufu ndani ya nyumba, na Odile Thibault hakutaka kuamini kwamba ilitoka kwake.

Aliisikia tangu asubuhi aliposhuka ngazi kuwasha moto. Ilimjia kwa mbali, kama jasho la mtu aliyepita ukumbini akaenda zake. Akafungua madirisha, baridi ya Oktoba ikaingia na harufu ikatoka. Akayafunga, ikarudi. Akachemsha maganda ya matofaa kwa mdalasini na karafuu mpaka nyumba nzima ikanukia kama duka la keki, lakini chini ya mdalasini ile nyingine ilikuwapo bado, tamutamu, nzito, imelala kama mlevi asiyeamshika.

"Panya," alijiambia. "Amefia chini ya mbao za sakafu. Nyumba kuukuu hazikosi panya."

Na siku ya kunuka alikuwa ameichagua! Ilikuwa Jumapili ambayo Bi Eunice Sewall, mama yake Harlan, angekuja kwa mara ya kwanza kula chakula cha mchana katika nyumba ambayo mwanawe angehamia baada ya harusi. Bi Eunice alikuwa na duka kubwa la samani na mapambo huko mjini. Kila majira yalipobadilika, wanawake waliojiweza wa sehemu zile za Vermont walikwenda kwake kununua mashada ya milangoni, vinara, mito na vitambaa vya meza, na Harlan ndiye aliyemsimamia duka hilo. Jicho la mama yule lilikuwa mizani. Alikuwa amekwisha kumwambia mwanawe, na mwanawe hakuwa na siri akamfikishia Odile, kwamba binti wa mkamua ng'ombe huweza kuwa mke mwema ila mkono hana.

"Mkono gani?" Odile aliuliza siku ile.

"Mkono wa nyumba. Wa kupanga vitu vikapendeza. Usimjali, mpenzi. Mama ndivyo alivyo."

Odile alijali. Alifundisha watoto wadogo kuimba na kufunga kamba za viatu, na mshahara wake, ikishatoka kodi ya nyumba, haukununua hata shada moja dukani kwa Bi Eunice. Basi akaamua kuipamba nyumba kwa vile ambavyo majira yenyewe huvimwaga bure. Alikata mabua ya mahindi shambani kwa baba yake, akayafunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo za kibaraza. Akapanga maboga kwenye ngazi, yale yenye makovu ambayo wanunuzi huyapita. Majani mekundu ya mti wa uani aliyalaza ndani ya vitabu vizito mpaka yakakauka, akayachovya kwenye nta, akayatundika dirishani kwa uzi, na jua la asubuhi likipita pale, ukuta mzima ulikuwa kama umeona haya. Chupa tupu za jamu zikawa vinara. Blanketi la sufu la marehemu mama yake, lililoliwa na nondo pembezoni, alilikata na kulishona likawa kitambaa cha meza, cha rangi ya udongo wenye mvua.

Na Harlan alikuwa naye katika kazi hiyo. Hapo ndipo ulipokuwa utamu wake. Alikuja jioni za Jumamosi, akavua koti lake zuri, akabeba mabua begani kama mtoto wa mkulima. Siku moja alimtoa Odile unyasi uliokwama nyweleni, na baada ya kuutoa mkono haukushuka. Walitazamana pale kibarazani mpaka Odile akasahau kwamba kuna baridi.

"Ningekuwa na nyumba kumi," Harlan alinong'ona, "ningetaka zote zifanane na hii."

Neno hilo Odile alilala nalo, akaamka nalo.

Siku hiyohiyo Harlan alichukua kisu, akachagua boga kubwa kuliko yote, akalichonga. Odile alimwambia ni mapema mno, boga likishakatwa halikai. Kwao hilo hata mtoto analijua. Harlan akacheka, akaendelea kuchonga: H na O, na moyo katikati. Kindi walipoanza kulitafuna kule nje, Odile hakuwa na moyo wa kulitupa. Akaliingiza ndani, akaliweka nyuma ya kiti kirefu kando ya meko ili alione yeye peke yake. Kisha zikaja siku za kushona, na kusugua sakafu, na kutoa utando wa buibui, na boga likatoka akilini.

Harlan alifika kabla ya mama yake, kanyoa, kanukia, tai shingoni. Odile akamfungulia mlango na aproni kiunoni.

"Unapendeza," alisema Harlan. Kisha pua ikamkunjamana. "Ni nini hicho?"

"Panya, nadhani. Nimetafuta kila mahali."

"Leo? Siku zote panya wako wapi, waje kufa leo?"

"Kwani mimi nimewaita? Njoo unisaidie kutafuta."

Lakini alikwisha kugeukia dirishani. "Ndiye huyo. Mama amefika. Vua aproni, Odile, haraka. Na hizi chupa za jamu... huna kitu kingine cha kuwekea mishumaa?"

Odile akamtazama. "Wiki iliyopita ulisema ni nzuri."

"Ni nzuri. Nimeuliza tu."

Bi Eunice alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, koti la kijivu, glavu za ngozi. Hakupanda ngazi moja kwa moja. Alisimama chini akiyatazama mabua kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri yamwamkie.

"Kumbe hapa watu wamevuna kweli," alisema.

"Karibu sana, Bi Eunice," Odile akamjibu kwa uchangamfu wote alionao. "Ni mabua ya shambani kwetu. Kwetu kila nyumba huyaweka wakati huu."

"Kwenu. Naam." Akapanda akiinua pindo la koti lisiguse maboga. "Mabua haya hayaleti wadudu?"

"Hayajaleta."

"Yataleta."

Ndani hakukaa. Alizunguka. Aliyashika majani dirishani kwa ncha za vidole, akayaachia. Alitikisa bakuli la mbegu za mwaloni, akatabasamu peke yake. Kila alipopita, Odile alikiona kile kitu alichokifanya kwa mapenzi kikisinyaa. Alimtafuta Harlan kwa macho, wapeane hata konyezo. Harlan alikuwa akimtazama mama yake, na midomo yake ilijikunja pale ya mama ilipojikunja, ikalegea ya mama ilipolegea. Odile hakuwahi kuliona hilo.

"Kitambaa hiki ni kizito," Bi Eunice alisema mezani, akikipapasa. "Zamani kilikuwa nini?"

"Blanketi la mama yangu."

"La kitandani?"

"Ndiyo."

"Mama yako aliyefariki." Bi Eunice akaondoa mkono, akatoa leso, akaufuta kidole kimoja kimoja. "Ubunifu wa aina yake. Harlan, unasikia harufu?"

"Nasikia, Mama."

"Kuna kitu kimekufa humu."

"Ni panya, Bi Eunice, samahani, nimetafuta tangu..."

"Si panya. Panya nawajua, duka langu lilianzia kwenye ghala." Pua yake nyembamba iligeuka polepole mpaka ikaelekea kwenye meko. "Kinatoka kule."

Hapo ndipo Odile alipokumbuka. Alikwenda, akakivuta kile kiti kirefu, akainama.

Boga lilikuwa limejiangukia. Uso wake uliingia ndani kama uso wa kizee asiye na meno. Kuvu la kijivu lenye nywele lilikuwa limefunika moyo uliochongwa, na kando ya herufi ulitoka ute mweusi uliotambaa mpaka kwenye nyufa za mbao. Aliweka mikono chini ya boga alinyanyue upesi, litoke kabla mgeni hajaliona. Ganda likabonyea chini ya vidole vyake. Vilipita ndani kama vinapita kwenye uji, vikakuta uvuguvugu, na ndani ya uvuguvugu huo vitu vyembamba vilikuwa vikijinyonganyonga. Kitako kikabaki sakafuni. Yaliyobaki yakamwagika juu ya viatu vyake, na mabuu meupe yakaanza kutawanyika, kila moja likitafuta njia yake.

Bi Eunice alipiga ukelele. "Mungu wangu! Na hapa ndipo tulipotaka kula! Harlan, nishike, natapika!"

Odile alibaki amechuchumaa, mikono imefunguka mbele yake, ikidondoka. Kichefuchefu kilimkaba, lakini bado alikuwa na tumaini la kijinga. Alimngojea Harlan acheke. Alingoja aseme, "Mama, hilo ni langu, nililichonga mimi, Odile alinikataza nikashupaa." Maneno machache tu, kisha wangefungua madirisha, wangesafisha pamoja, na siku moja wangewahadithia watoto wao.

Harlan alisema, "Nilimwambia, Mama. Mara ngapi nimemwambia asiniletee takataka za shambani ndani ya nyumba. Hasikii."

Moto ulitatarika ndani ya meko.

"Harlan," Odile akasema taratibu. "Soma."

"Nisome nini?"

"Hapo kwenye ganda. Soma hizo herufi."

H ilikuwa imelegea lakini ilionekana, ya kukatwa kwa kisu chenye haraka. Harlan aliitazama.

"Sioni kitu," alisema. "Ni kuvu tu."

Bi Eunice aliziona. Odile alimwona akiziona: macho yalikwenda kwenye herufi, yakaenda kwa mwanawe, kisha yakahamia dirishani na kutulia huko. Mama alijua na mwana alijua, na baina yao walilifunika kama watu wawili wanaotandika kitanda.

Mlango ukagongwa, akaingia Lucien Thibault, baba yake Odile, mzee mwembamba mwenye koti lake la kanisani, na mikononi pai ya matofaa iliyofunikwa kwa taulo. Alikuwa amemaliza kukamua, ameoga, amechana nywele kwa maji. Lakini mtu aliyeishi na ng'ombe miaka yote hiyo sabuni haimtoi zizini.

"Hamjambo hapa," alisema, kisha akaona. "Loo. Boga limekufa."

Bi Eunice akainua leso puani. "Sasa naelewa harufu ya nyumba hii inatoka ukoo gani."

Kisha Harlan akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilitoka puani, kifupi, cha kumpendeza mtu, na huenda yeye mwenyewe hakukusudia kitoke. Lakini Odile alikisikia, na jambo la ajabu likatokea mwilini mwake. Kinyaa alichokuwa nacho kwa ule ute kilihama. Kilitoka mikononi, kikasimama na kumkabili yule kijana mwenye tai aliyekuwa amemwona mzuri kuliko wanaume wote wa kaunti ile.

Mzee Lucien aliweka pai juu ya meza, akakunja mikono ya koti. "Nipisheni, nisafishe."

"Usiguse, Baba," Odile akasema. Akasimama. "Alisafishe Harlan. Ni lake."

"Odile, tafadhali," Harlan akanong'ona. "Si mbele ya..."

"Chukua koleo la majivu hapo. Chukua gazeti. Piga magoti."

Harlan aliangalia koleo, akaangalia suruali yake, kisha akamwangalia mama yake. Mwanaume mzima, mabega mapana, aliomba ruhusa kwa macho.

"Harlan," alisema Bi Eunice, "tunaondoka. Leta koti langu."

Akaleta koti. Alipopita karibu na Odile alinong'ona, "Nitarudi," na gari likaondoka, likiyapeperusha majani ya njiani nyuma yake.

Alirudi jua lilipoanza kuwa la njano. Mzee Lucien alikuwa amekwisha kusugua sakafu kwa siki na magadi, na sasa alikuwa jikoni akipasha supu ambayo hakuna aliyeila. Odile alikuwa kibarazani. Mikono aliiosha mpaka ngozi ikawaka, lakini kila alipoisogeza usoni aliirudisha nyuma.

Harlan alikuwa amevua tai. Mkononi alishika shada la mlango kutoka dukani kwao, kubwa, zuri, majani yake ya hariri, vitunda vyake vya kioo.

"Mama amekuletea," alisema.

"Mama yako?"

"Basi, mimi nimekuletea. Lakini amekubali. Amesema ukiyatoa haya mabua, na haya maboga, atayasahau yote ya leo. Anakuja tena Jumapili ijayo." Akaliweka shada kwenye kiti, akasogea. "Odile. Nitazame."

Akamtazama, na hilo lilikuwa kosa. Macho yale yalikuwa yaleyale, rangi ya asali ya zamani, na yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia njiani.

"Nilikuwa mwoga," alisema Harlan. "Najua. Hujui ilivyo kuwa mtoto wa pekee wa mwanamke yule. Tangu baba alipokufa, nikimwudhi haongei nami wiki nzima, nyumba inakuwa kaburi. Nikiwa kwako napumua. Hapa kibarazani nilipumua kwa mara ya kwanza. Usininyime hewa kwa sababu ya boga, Odile. Nakupenda. Wewe unajua nakupenda."

Alijua. Moyo wake, msaliti mkubwa, ulikwisha kuinuka kama mbwa anayesikia hatua za bwana wake. Alijiona akikilaza kichwa kwenye kifua kile. Jambo moja tu lilibaki, dogo.

"Umemwambia boga lilikuwa la nani?"

Harlan akalitazama shada.

"Mlikuwa garini wawili tu, safari yote ile hadi mjini. Ulimwambia?"

"Kwani ni lazima? Yameshapita."

"Ulimwambia, Harlan?"

"Odile, fikiri kidogo." Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayemweleza mtoto. "Wewe tayari Mama hakupendi. Hili moja likiongezeka kwako, utapungukiwa nini? Lakini mimi nikilibeba, itakuwa kesi mwaka mzima. Nakuomba unibebee tu. Wapendanao hubebeana, au sivyo?"

Akanyoosha mkono, akamgusa shavu.

Ulikuwa mkono wa joto, laini, wenye unyevu kidogo. Na mwili wa Odile, kabla akili haijapata neno, ukarudi nyuma wote kwa pamoja, kama ulivyotaka kurudi mchana vidole vilipopenya ganda. Bega likagonga nguzo, mabua yakachakarika.

"Usiniguse."

"Odile?"

"Na baba yangu, ulimcheka."

"Sikumcheka! Kilinitoka tu!"

"Ndiyo. Kilikutoka." Alikuwa akiivua pete, na kwa vile vidole vilikuwa vimevimba kwa kusuguliwa, haikukubali upesi. Aliivuta kwa meno. Akaiweka katikati ya lile shada la hariri, akamkabidhi vyote viwili. "Mrudishie vitu vya dukani kwake."

"Utajuta. Kwa boga! Watu watakucheka, Odile. Nitawaambia nini watu?"

"Waambie huoni kitu. Ni kuvu tu."

Uso wa Harlan ukapauka. Kwa muda alisimama na shada lake kama mtu aliyekosea mazishi, kisha akashuka ngazi akipita katikati ya maboga, na kwa mara ya kwanza Odile akagundua kwamba anaponyanyua miguu yake asichafuke anatembea sawasawa na mama yake.

Alipoingia jikoni, meza ilikuwa imeandaliwa kwa wawili. Mzee Lucien alikata pai, akamsogezea kipande kikubwa, akakaa. Hakuuliza chochote mpaka alipomaliza supu yake na kufuta bakuli kwa mkate.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, Baba."

Mzee alitafuna polepole. "Nyumba umeipamba vizuri. Mama yako angependa lile blanketi lilivyokaa. Aliniambia nikilitupa atanitokea usiku."

Odile akacheka kidogo, na kile kicheko kikakatikia njiani kikawa kitu kingine. Aliuficha uso kwa mikono, safari hii bila kuirudisha nyuma, na mabega yakamtikisika. Baba yake alimwacha alie. Hakumgusa, hakumwambia nyamaza. Ng'ombe anayezaa na binti anayelia, aliamini yeye, huwa hawaharakishwi.

Alipotulia, mzee akamuuliza, "Unampenda bado?"

Odile akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. Nje, taa za gari zilikwisha kupotea kitambo, lakini sikio lake, bila kuomba ruhusa, lilikuwa bado linaisikiliza barabara.

"Nampenda, Baba," alisema. "Na hicho ndicho kinachonitia kinyaa."